Abiria wa Reli ya Uani

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 15 Februari, 1998, Fundi Meno aliingia kibandani kwake na kikombe cha chai mkono mmoja, na hasira ya jana yake bado haijamtoka, akakuta geji ya presha imesimama juu ya sifuri. Haikuwa juu sana. Sindano ilikuwa imejitenga na alama ya sifuri kwa upana wa ukucha tu. Lakini jiko lilikuwa tupu. Majivu aliyafagia mwenyewe jana jioni, maji aliyatoa mwenyewe hadi tone la mwisho, na vali ya usalama aliiacha wazi kama kinywa cha mtu anayeng'olewa jino. Boila isiyo na maji wala moto haiwezi kuwa na presha. Akaigusa kwa kiganja. Ilikuwa na uvuguvugu, kama paji la uso la mtu anayeanza homa.

"Na geji nayo imekufa," akasema kwa uchungu, akatafuta bisibisi.

Ndivyo alivyokuwa. Kila jambo baya lililomfika alilipokea kama kifaa kibovu. Kwa kazi yake alikuwa fundi wa kuchonga meno ya bandia, na tangu alipostaafu, Juni 1989, hakuwa na shughuli nyingine ila kile kichwa kidogo cha treni. Tusikidharau kwa udogo wake. Hakikuwa kichezeo cha betri, bali garimoshi la kweli lililopunguzwa kimo hadi likawa linamfikia mtu magotini: lilikuwa na jiko la kutilia makaa ya mawe, boila ya shaba nyekundu, pistoni mbili, dohani, na firimbi. Wanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi walikiunda zamani, kisha karakana yao ikafungwa, na Fundi Meno akakiokota kikiwa kutu tupu. Alikisugua, akakilehemu kwa madini ya fedha palipovuja, akakichongea vipuri kwa vyombo vilevile alivyochongea magego ya wateja wake. Reli nazo alizitandaza mwenyewe uani, duara kamili: kutoka kibandani, kupita nyuma ya jikoni, chini ya kamba ya nguo, kando ya ukuta, na kurejea kibandani.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kichwa hakikwenda.

Leo pampu ikisukuma maji, kesho boila ingevuja. Boila ikizibwa, moto ungegoma. Na mara zote aibu hiyo ilimpata Jumamosi, mbele ya watu. Jumamosi ile ya tarehe 14 ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa kuwa alikuwa ameapa kwamba mkewe atakuwa abiria wa kwanza. Nyuma ya kichwa alifunga kigari chenye kiti cha mbao, mkewe akakikalia kwa adabu, mkoba umepakatwa, kama mtu anayesafiri kweli. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa udereva na mtu wa maneno mengi, aliegemea mlango wa jikoni.

"Shemeji, hicho kichwa kinavuta pumzi au kinakata roho?"

"Subiri presha ipande."

"Nimeanza kusubiri nikiwa na nywele, shemeji. Sasa tazama."

"Mzee wangu," mkewe akasema kwa upole, "nishuke kidogo? Miguu imeshakufa ganzi."

"Usishuke! Kaa hapo hapo. Leo kinakwenda."

Akapiga magoti mbele ya jiko, jasho likimchuruzika, akapuliza moto hadi macho yakawa mekundu. Sindano ikapanda kidogo, ikasita, ikaanza kurudi. Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. Akaipiga boila kofi, akapaza sauti kwa ghadhabu ya miaka yote ile.

"Panda! Panda, bwana, nakuita! Panda kichwani! Nimekuwekea na kiti, unataka nini tena? Panda!"

Shemeji alicheka hadi akajishika mbavu. Sindano ikaanguka, pampu ikakohoa, moto ukafa. Kisha, wakati hapakuwa tena na nguvu ya kusukuma hata unyoya, magurudumu yakajizungusha nusu duara, polepole, yakasimama. Mkewe akageuka nyuma ghafla.

"Nani kakaa?"

"Kakaa wapi?"

"Hapa, nyuma yangu. Kigari kimedidimia."

"Springi mbovu," akajibu Fundi Meno bila kuinua uso. "Shuka. Imekwisha. Wote ondokeni."

Mke akashuka. Kigari hakikuinuka.

Wiki zilizofuata mambo yakageuka kwa namna ambayo ingemfurahisha mtu mwingine yeyote. Jumamosi ya tarehe 7 Machi aliwasha moto mdogo tu, wa kujaribia, na kabla hajafunga mlango wa jiko, presha ilikuwa imejaa na vali ya usalama ikipiga mluzi. Kichwa kikaondoka. Kilizunguka ua mara nyingi asiweze kuhesabu, kikipumua vishindo vinne kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kile cha tatu kikichechemea kidogo kwa sababu vali ya upande wa kushoto haikukaa sawa. Shemeji akakifuata kwa macho, mikono kichwani. Fundi Meno akavimba kichwa, akala chakula cha watu wawili, akalala usingizi wa mtoto.

Kesho yake aliifungua pampu ili aitie mafuta. Ndani yake hamkuwa na gololi. Gololi ile ya chuma ndiyo inayozuia maji yasirudi, na pasipo hiyo pampu haisukumi kitu, ni bomba tupu. Akaitafuta mezani, akaikuta kwenye kisahani, katikati ya magego ya bandia, palepale alipoiweka mwezi wa Januari na kuisahau.

Mtu mwingine angeogopa. Yeye alikasirika. Kwa miaka tisa alikuwa ameidai mashine ile imtii, na sasa ilikuwa inakwenda pasipo kumhitaji, kama mtoto anayejibu mtihani kwa kunong'onezwa. Aliirejesha gololi mahali pake, akakaza, akawasha. Kichwa hakikwenda vizuri zaidi wala vibaya zaidi. Kazi yake haikuwa na maana yoyote.

Ndani ya nyumba, mkewe alikuwa ameanza kuona kiu.

Mwanzoni ilikuwa ya kutaniwa. Alikunywa jagi zima kabla ya chai, akanywa tena akiwa amesimama kwenye mtungi, akasema ni joto. Kisha ndoo za akiba zikawa zinakauka ingawa mifuniko imefungwa, maji ya maua yakaisha kwenye chupa, na midomo ya mama wa watu ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Shuka zake zilinuka shaba ya moto na makaa yaliyolowa. Alipooga, mvuke ulijaa bafuni hata kama maji yalikuwa ya baridi.

"Nenda hospitali," Fundi Meno akamwambia.

"Nimekwenda. Wamenipima sukari, hamna kitu. Wameniambia ninywe maji." Akacheka kicheko kikavu. "Mzee, hicho kichwa chako, unakizima kweli jioni?"

"Nakizima."

"Mbona mimi nakisikia?"

"Wapi?"

Akajigusa kifuani.

Jumatatu ya tarehe 16 Machi, saa nane mchana, wakati majirani wako kazini na mtaa umetulia kiasi cha kusikia nguo zikikauka kwenye kamba, Fundi Meno aliingia chumbani kuchukua miwani. Mkewe alikuwa amelala chali. Aliichukua miwani, akageuka, akafika mlangoni, akasimama.

Alikuwa anaisikia pumzi yake.

Pumzi ya kwanza, nzito. Ya pili, nzito. Ya tatu ikachechemea. Ya nne, nzito. Kisha tena ya kwanza, na ya pili, na ya tatu ile ile yenye kilema ambacho yeye peke yake duniani alikijua, kwa kuwa alikuwa amekisikiliza kila siku sikio likiwa juu ya silinda ya kushoto. Alitoka kwa kunyata, akapita uani pasipo kuhisi ardhi chini ya nyayo, akaingia kibandani, akachukua bisibisi, akailegeza skrubu ya vali ya kushoto, akaisogeza unywele mmoja, akaikaza, kisha akarudi kwa njia ile ile, huku akijiambia kwamba yeye ni mtu mzima mwenye akili timamu na kwamba hakuna fundi aliyewahi kurekebisha mwili wa binadamu kwa kukaza skrubu ya chuma iliyoko nje ya nyumba, akasukuma mlango, akasikiliza.

Moja, mbili, tatu, nne. Sawasawa. Kama saa ya ukutani.

Mkewe akatabasamu usingizini. "Sasa hivi imekaa vizuri," akasema, na sauti haikuwa yake.

Shemeji aliposimuliwa, hakutaka maneno mengi. Jumapili ya tarehe 22 alikuja na nyundo ya kuvunjia mawe.

"Toka hapo, shemeji. Dada yangu anakauka kama kuni, wewe unanihadithia vali."

"Usikiguse, nakwambia! Hatujui kimeungana naye wapi."

"Nakigusa, na nakuomba radhi baadaye."

Alikigonga mara moja tu, kwenye ukingo wa dohani, wala si kwa nguvu. Kutoka jikoni kikaja kilio kilichowafanya wote wawili wakimbie. Mke alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ameiweka utosini, na walipoitoa mikono hiyo wakaona, katikati ya nywele, uvimbe mpya wenye umbo la uso wa nyundo.

Shemeji akaiweka nyundo chini kama mtu anayelaza yai. "Namjua mtu," akanong'ona.

Mtu huyo alikuwa mpunga pepo, mwanamke mnene aliyejulikana kwa jina la Mama Magoti, kwa vile hakukaa wala kusimama pasipo kuyalalamikia magoti yake. Alifika Jumatano asubuhi, akaomba kiti kirefu, akafukiza ubani, akamtazama mgonjwa, kisha akanusa hewa mara mbili.

"Mmechemsha nini humu?"

"Hatujachemsha kitu, mama," akasema shemeji.

"Basi ndiye." Akainama kwa shida, akamshika mgonjwa kidevu. "Haya, mgeni. Mimi mtu mzima na magoti yananiuma, usinichoshe. Nani wewe, na umevamia nyumba hii kwa nini?"

Kinywa cha mgonjwa kikafunguka. Katika joto lile la asubuhi, mvuke mweupe ukatoka, ukapanda, ukatanda darini, na nyuma yake ikaja sauti nyembamba, kama ya maji yanayokaribia kuchemka.

"Sikuvamia. Niliitwa."

"Nani alikuita?"

Kidole kikanyooka. Kilimwelekea Fundi Meno.

"Mimi? Mimi sina habari na mambo haya! Sijawahi kumwita mtu yeyote!"

"Shemeji," yule mwalimu wa udereva akanong'ona, macho yamemtoka, "uliita. Ile Jumamosi. Nilicheka. Ulisema, panda kichwani."

Mama Magoti akageuka taratibu. "Ulisema nini, baba? Yaseme kama ulivyoyasema."

Fundi Meno akavua miwani. "Nilisema... panda, nakuita. Panda kichwani. Nimekuwekea kiti."

"Na kwenye hicho kiti alikaa nani?"

Shemeji akamtazama dada yake. Mama Magoti akajifunika uso kwa viganja.

"Baba, sisi wenye kazi hii tunapomwita mgeni aje, tunamwambia maneno hayo hayo. Panda kichwani. Na yule anayepandwa, unajua tunamwitaje? Tunamwita kiti. Umemwita, umemwonyesha kichwa, umemtandikia mkeo mwenyewe awe kiti. Hata mimi sijui kualika vizuri hivyo."

"Lakini nilikuwa nasema na mvuke!"

"Na yeye ni nini? Kaumbwa kwa moto usio na moshi. Ulidhani ataitika nani?"

Kisha akamgeukia mgonjwa na kuanza kazi yake. Alimsihi mgeni ashuke, akamwamuru ashuke, akamtisha, akambembeleza. Kila aliposema "shuka," joto chumbani liliongezeka, hata rangi ya ukuta ikaanza kututumka, na mwishowe sauti ile nyembamba ikapasuka kwa ghadhabu, na katika ghadhabu hiyo Fundi Meno, kwa mshangao wake, akaitambua hasira iliyofanana kabisa na ya kwake.

"Shuka, shuka! Nishukie wapi? Mwulize huyo mwenye reli! Kila siku nazunguka. Kibanda, jiko, kamba ya nguo, ukuta. Kibanda, jiko, kamba ya nguo, ukuta! Nguo zile zile! Gari gani hili lisilofika? Mimi ni abiria, sikuja kuhamia. Nioneshe kituo nishuke!"

"Reli ya duara haina kosa lolote," Fundi Meno akajikuta anajitetea. "Mviringo wake nimeupima—"

"Baba!" Mama Magoti akamkatiza. "Mkeo anakauka, wewe unagombea mviringo. Mjengee kituo."

Siku ile ile alichukua msumeno wa chuma, akalikata duara lake. Mikono iliyolitandaza ndiyo iliyoling'oa. Kila msumari uliotoka kwenye mataruma ulimtoa na kipande cha moyo, kwa maana alijua kwamba kichwa hakitalala tena kwenye reli baada ya safari hii, lakini ndani alikuwa anazisikia pumzi nne zikienda mbio kuliko jana, na maji ya jagi yakiisha. Aliinyoosha njia kutoka nyuma ya jikoni hadi kwenye pembe ya ua, penye mlango mdogo unaotokea kichochoroni. Hapo akapanga matofali yakawa jukwaa, urefu wa kitanda. Halafu akachukua ubao, akauandika kwa rangi nyeupe, herufi zimesimama sawasawa: KITUO.

"Kibao cha nini tena?" akauliza shemeji.

"Abiria atajuaje kwamba amefika?"

Shemeji akamshikia kibao kisimame wima.

Alhamisi ya tarehe 26, saa saba mchana, jua likiwa utosini na vivuli vimejificha chini ya vitu, walimbeba mgonjwa wakamkalisha kwenye kiti cha mbao. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu, lakini alipokaa, springi zililala kabisa. Fundi Meno hakutia makaa. Hakutia maji. Alisimama kando, mikono nyuma, na kichwa kikaondoka chenyewe, kwanza polepole, pistoni zikitoka na kuingia pasipo mafuta, kisha kwa kasi, kikapita mlango wa jikoni, kikapita chini ya kamba ya nguo ambapo mashuka yote yalivutwa upande mmoja kana kwamba upepo mrefu unapita mle kichwa kilimopita, na firimbi ambayo hakuna aliyeivuta ikalia, ikalia, mbwa wa mtaa mzima wakanyamaza, na harufu ya shaba ikawajaa puani hadi wakaionja ulimini, na Mama Magoti, aliyesahau magoti yake, akawa anatembea kando ya reli akirudia neno moja tu, "shuka, umefika, shuka, umefika," hadi kichwa kilipofika mbele ya kibao na kusimama taratibu, kwa ustadi ambao Fundi Meno hakuwahi kuufikia hata siku moja.

Firimbi ikakatika.

Springi za kigari zikainuka. Tofali moja la jukwaa likalia, kama linavyolia tofali lililokanyagwa. Mlango mdogo wa kichochoroni ukafunguka, ukajifunga.

"Maji," mkewe akasema kwa sauti yake mwenyewe. Alipopewa alikunywa nusu gilasi, akairudisha. "Yametosha."

Nyuma yao boila ikapasuka kwenye maungio, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mlio mdogo wa huzuni. Fundi Meno hakugeuka kuitazama. Alikuwa amemshika mkewe mkono, anahesabu pumzi zake, na pumzi zile zilikuwa za ovyo ovyo, ndefu na fupi, hazina mpango wowote. Hakuwa amewahi kusikia mashine mbovu iliyompendeza kiasi hicho.

Mama Magoti alikwenda zake akisema kazi imekwisha. Kuhusu jukwaa hakusema neno, na Fundi Meno naye hakuuliza. Reli zilizobaki alizing'oa, kichwa akakifunga kwenye gunia. Kituo tu ndicho alichokiacha, kwa sababu mkewe alipenda kukalia matofali yale jioni, na kwa sababu, tuseme kweli, kibao kilikuwa kimeandikwa vizuri.

Wiki moja baadaye, Alhamisi ya tarehe 2 Aprili, mchana kama ule ule, walikuwa wamekaa kwenye kizingiti cha jikoni wakichambua mchele. Mkewe alikuwa amenawiri, midomo imepona. Mara akaacha kuchambua.

"Mzee."

"Naam."

"Matofali yale ulikuwa umeyamwagia maji?"

Akatazama. Jukwaa lilikuwa limelowa, lakini si lote. Lilikuwa na madoa mawili mawili, yamejipanga, kutoka chini ya kibao hadi mwisho wa matofali, na zaidi ya hapo, juu ya udongo, hadi mlango wa kichochoroni, ambao ulikuwa wazi. Hewa juu ya madoa hayo ilicheza kama inavyocheza juu ya jiko.

"Usiinuke," mkewe akanong'ona, akamshika goti. "Wako wengi. Wana mizigo. Yule aliyewatangulia wenzake hapo kwenye kibao anakutazama wewe."

"Anataka nini?"

Mkewe akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza swali la mgeni mwenye adabu.

"Anauliza gari linaingia saa ngapi."

Na Fundi Meno, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumchelewesha mteja, akajikuta ameinua mkono, ameitazama saa.